Goti liliuma, kumbe ugonjwa uko kwenye nyonga

Anayepita Kamakis saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla wachoma nyama hawajawasha makaa yao, hukuta kando za barabara zimetwaliwa na wakimbiaji. Wapo wanaotoka Membley, wapo wanaopanda kutoka Ruiru mjini, na wengine huifuata barabara ya Eastern Bypass kuelekea upande wa Utawala mpaka jua lichomoze. Wachache wao ni wanariadha wa mashindano. Wengi ni vijana wanaojiandaa kwa siku ya kuandikishwa makurutu wa jeshi, polisi au magereza, na watu wazima walioambiwa na daktari wao wapunguze uzito. Mimi mwenyewe nimewaambia wengi.

Hao hao ndio hunijia Jumatatu wakichechemea. Mimi ni daktari wa magonjwa yote wala si bingwa wa mifupa, lakini mkimbiaji akiumia huanza na daktari kama mimi, na mara nyingi huishia hapo. Kwa hiyo leo nataka kumweleza msomaji jinsi daktari anavyopaswa kulichunguza jeraha la kukimbia, ili ukija kwetu ujue la kusema, na pia ujue kama umechunguzwa sawasawa au umepewa tembe tu na kuagwa.

Nianze na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita alinijia msichana wa miaka 19. Ilikuwa imebaki kama mwezi mmoja na nusu ifike siku ya kuandikisha makurutu, naye alikuwa ameanza kukimbia kila siku, asubuhi na jioni, ilhali kabla ya hapo alikuwa hakimbii kabisa. Alisema goti la kulia linamuuma kwa upande wa juu akishafika kilomita mbili hivi. Nilimlaza kitandani, nikalikunja goti na kulinyoosha, nikalibonyeza kila upande. Halikuwa na uvimbe wala joto. Nikamtuma apigwe eksirei ya goti, na picha ikarudi safi. Nilimwandikia dawa ya kutuliza maumivu, nikamwambia apumzike siku tatu kisha aendelee polepole. "Daktari, siku zimebaki chache," aliniambia, nami nikamjibu asiwe na wasiwasi.

Chini ya wiki mbili baadaye, akiwa anakimbia, alisikia kitu kikikatika kwenye nyonga akaanguka. Shingo ya mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga, ilikuwa imevunjika. Alifanyiwa upasuaji, mfupa ukaunganishwa kwa skrubu, na siku ya makurutu ilipita yeye akiwa kitandani. Mama yake alikuja kliniki kunieleza. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Daktari, si uliliangalia goti?"

Naam, niliangalia goti. Sikuangalia nyonga. Mishipa ya fahamu inayohudumia kiungo cha nyonga hutuma matawi mengine gotini, kwa hiyo ubongo hupokea habari ya maumivu na kukosea anwani. Jambo hili tulifundishwa sote chuoni: goti likiuma na goti lenyewe halina kasoro, pima nyonga. Nililijua, na siku hiyo nilikuwa na foleni ya wagonjwa nje.

Maswali kwanza

Katika majeraha ya kukimbia, maelezo ya mgonjwa humpa daktari zaidi ya nusu ya jibu kabla hajamgusa. Swali la kwanza si "wapi panauma" bali "ulibadilisha nini". Karibu kila mara kuna kitu kilichobadilika katika wiki tatu au sita zilizotangulia: umbali uliongezwa ghafla, mtu alihama kutoka njia ya udongo akaingia kwenye lami, alianza kupanda vilima, alinunua raba nyingine, au alirudi mazoezini baada ya miezi ya kukaa. Vijana wetu wanaojiandaa kuwa makurutu hubadilisha hayo yote katika wiki moja.

Swali la pili ni lini maumivu huja. Kano, yaani ule uzi mgumu unaofunga msuli kwenye mfupa, ikiwa na ugonjwa huuma mtu anapoanza kukimbia, kisha hupoa mwili ukipata joto, halafu huuma tena kesho yake asubuhi. Mfupa wenye ufa hufanya kinyume. Kila unavyozidi kukimbia ndivyo unavyozidi kuuma, na ugonjwa ukikomaa huuma hata ukitembea kwenda dukani, na mwishowe hata ukiwa umelala. Unyayo unaouma vibaya katika hatua za kwanza ukitoka kitandani, kisha ukalegea, karibu kila mara ni utando wa chini ya wayo uliochokonoka pale unaposhika kisigino. Mtu akinieleza haya vizuri, mikono yangu huenda kuthibitisha tu.

Swali la tatu ndilo madaktari wengi huona haya kuliuliza, hasa daktari mwanamume mbele ya msichana aliyekuja na mzazi wake. Hedhi yako inakuja kila mwezi? Yule msichana wangu alikuwa hajaiona kwa miezi sita. Alikuwa akikimbia mara mbili kwa siku na kula mara moja, kwa kuwa alitaka kuwa mwepesi. Mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayofanya huzima baadhi ya shughuli zake ili kubana matumizi. Uzazi huzimwa mapema, na ujenzi wa mifupa huja nyuma yake. Mwaka wa 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa maelezo rasmi kuhusu hali hii na kuonya kwamba huwapata wanaume pia, ila wao hawana dalili ya wazi kama hedhi ya kuwashtua. Mwanamke anayekimbia sana na hedhi yake imekatika, naye hana mimba, asidhani hiyo ni ishara ya kuiva kimazoezi. Ni ugonjwa, na mifupa yake iko hatarini.

Mfupa huchoka vipi?

Watu wengi hunishangaa nikiwaambia mfupa unaweza kupasuka bila mtu kuanguka wala kugongwa. Wakumbuke barabara yetu hii ilipokuwa ikipanuliwa. Mafundi walichimbua lami kuukuu kwanza, ndipo wakaweka mpya. Mfupa hufanya vivyo hivyo kila siku: chembe fulani hula sehemu iliyochakaa, na nyingine hufuata nyuma zikijenga. Ukiuongezea mfupa kazi, wachimbaji huharakisha, lakini wajenzi huchukua majuma mengi zaidi kumaliza kazi yao. Katikati hapo, kama wiki ya tatu au ya nne tangu mazoezi makali yaanze, mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa mwanzoni. Magari mazito yakiendelea kupita juu ya barabara iliyochimbuliwa, matokeo yake yanajulikana.

Ufa wa aina hii huonekana zaidi kwenye ugoko. Tatizo ni kwamba ugoko huuma pia kwa sababu nyingine isiyo na hatari kubwa, nayo ni kuchubuka kwa utando unaoufunika mfupa pale misuli inaposhikilia. Kuyatenganisha mawili haya hakuhitaji mashine ya bei. Napitisha kidole gumba polepole kwenye ukingo wa ndani wa ugoko, kutoka juu hadi kwenye kifundo. Kama panauma kwa urefu wa sentimita tano au zaidi, kama mstari, hiyo huwa ni utando. Kama panauma mahali pamoja tu, padogo kama sarafu, na mgonjwa anaruka nikipagusa, nachukulia kuwa ni ufa mpaka nionyeshwe vinginevyo. Kisha humwomba aruke mara chache kwa mguu ule ule. Mwenye ufa mara nyingi hushindwa, au hukunja uso.

Kipimo hicho cha kuruka kisifanywe kamwe kwa mtu anayeshukiwa kuwa na ufa wa shingo ya paja. Daktari aweza kuumaliza kuuvunja mfupa palepale chumbani. Mtu huyo hulazwa chali, goti na nyonga zikakunjwa, kisha mguu ukazungushwa taratibu ili nyonga igeukie ndani. Akilalamika kinenani, au akisema maumivu yanashuka kwenye paja, inatosha. Apewe magongo siku hiyo hiyo, asikanyagie mguu ule, na atafutiwe kipimo cha MRI haraka. Ufa ulio upande wa chini wa shingo hiyo kwa kawaida hupona kwa kupumzishwa. Ulio upande wa juu hufunguka kama mdomo kila mtu anapokanyaga, na kwa kawaida madaktari wa mifupa huutia skrubu kabla haujakatika. Ukishakatika na kuachana, damu inayolisha kichwa cha mfupa yaweza kukatika pia, na kijana wa miaka 20 akabaki na nyonga ya mtu wa miaka 70.

Hapa nataka kusema jambo kuhusu eksirei, maana wagonjwa wangu huiamini kuliko wanavyoniamini mimi. Ufa wa uchovu aghalabu hauonekani kwenye eksirei katika wiki mbili au tatu za mwanzo, na wakati mwingine hauonekani kabisa. Kinachokuja kuonekana baadaye ni alama ya mfupa mpya unaoziba ufa. Picha safi, kwa hiyo, si cheti cha kurudi barabarani. Kipimo cha MRI huonyesha mapema, ila ni ghali, na si kila hospitali inacho. Asiyeweza kukilipia, na ufa ulioshukiwa ni wa ugoko upande wa ndani, twaweza kumtibu kana kwamba ufa upo: asikimbie kwa wiki sita hadi nane, atembee bila maumivu kwanza, kisha arudie eksirei. Hiyo ni hasara ndogo. Kwa nyonga sifanyi hivyo. Kwa nyonga namwambia mzazi aombe harambee ikibidi.

Kifundo, kisigino na dawa isiyotarajiwa

Kwenye kifundo cha mguu mambo ni rahisi zaidi. Mtu hukanyaga shimo kukiwa bado na giza, mguu ukapinduka kwa ndani, ukavimba kama embe. Je, apigwe eksirei? Mwaka wa 1992 madaktari wa Ottawa, Canada, walitangaza kanuni ambazo hadi leo hutumiwa duniani kote. Kwa ufupi, kama mgonjwa aweza kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea, na haumii ukibonyeza mfupa wenyewe kwenye ukingo wa nyuma wa vile vinundu viwili vya kifundo, wala kwenye nundu ya mfupa iliyo ubavuni mwa wayo upande wa kidole kidogo, wala kwenye mfupa wa ndani juu ya tao la wayo, basi uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana na fedha za eksirei zaweza kununua unga. Barafu, bandeji, kuinua mguu, na baada ya siku chache aanze mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja. Wengi huacha mazoezi haya maumivu yakiisha, ndiyo maana kifundo kile kile hupinduka tena.

Kano ya kisigino ina hadithi yake. Ikikatika, mgonjwa husema maneno yanayofanana kila mara: alihisi kama amepigwa teke au jiwe kwa nyuma, akageuka, hakuona mtu. Kwa kuwa bado aweza kuuchezesha wayo kwa kutumia misuli mingine, hudhani ameteguka tu na kwenda kuchuliwa. Daktari humlaza kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, kisha huminya shavu la mguu. Wayo ukisogea, kano ni nzima. Ukitulia tuli, imekatika. Kipimo hicho huchukua sekunde tano, na atakayekosa kukifanya humchelewesha mgonjwa wiki nzima za thamani.

Kano iliyovimba bila kukatika ni jambo la uvumilivu. Tangu mwaka wa 1998, Hakan Alfredson na wenzake wa Sweden walipochapisha matokeo yao, tumekuwa tukiwapa wagonjwa zoezi la kusimama kwenye ukingo wa ngazi na kukishusha kisigino polepole, mara 15 kwa mikupuo mitatu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Halivutii, na katika wiki za kwanza linauma. Wagonjwa wangu hupenda zaidi kuchomwa sindano. Sindano ya steroidi kwenye kano hii yaweza kuidhoofisha mpaka ikakatika, kwa hiyo anayekuahidi nafuu ya siku moja mkatalie kwa heshima.

Na kuna dawa nyingine ambayo haishukiwi. Ciprofloxacin huuzwa hapa kama njugu, mtu akiwa na tumbo la kuendesha au maumivu ya mkojo. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru mwaka wa 2008 dawa za jamii hiyo ziwekewe onyo kali kwenye pakiti, kwa sababu huongeza hatari ya kano kuwaka na kukatika, hasa ile ya kisigino. Mkimbiaji akija na kano inayouma, humwuliza alimeza nini katika miezi michache iliyopita. Wengine hukumbuka rangi ya pakiti tu, na hiyo hunitosha.

Si kila maumivu ya mkimbiaji hutokana na kukimbia. Bwana mmoja wa makamo alianza mazoezi mwezi wa Januari, kama wafanyavyo wengi. Jumamosi moja baada ya kukimbia alijitunza kwa nyama choma na bia hapa hapa Kamakis, na saa tisa usiku akaamka kidole gumba cha mguu kikiwaka moto, hata shuka lilikuwa zito. Alikuja akilaumu raba mpya. Haikuwa raba, ilikuwa jongo. Kipimo chake cha asidi ya uriki siku hiyo kilikuwa cha kawaida, jambo ambalo hutokea katikati ya shambulio na kumpoteza daktari. Nilikirudia baada ya wiki chache kikawa juu. Wengine nimewakuta na homa ya maziwa mabichi, ile bruselosi, wakidhani mgongo umetingishwa na mazoezi, na kiungo kimoja kilichovimba pamoja na homa kali hukipeleka hospitali kubwa bila kungoja kesho, maana usaha huweza kula kiungo kwa siku chache.

Hata mabingwa hawana kinga. David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 huko London mwaka wa 2012 kwa muda wa dakika 1 na sekunde 40.91, alilazimika kukosa mashindano ya dunia ya Moscow mwaka uliofuata kwa sababu ya goti. Mary Keitany alistaafu mwaka wa 2021 baada ya mgongo kukataa kupona. Hao walikuwa na makocha na madaktari wa kuwazuia. Kijana wa Kamakis ana simu na rafiki anayemwambia akaze moyo.

Ukija kwa daktari kwa sababu ya kukimbia, njoo na raba zako hata kama zimechakaa, na hata kama ni za mitumba. Uvaaji wa soli hueleza mengi, ingawa nakiri raba hulaumiwa kuliko zinavyostahili. Vaa kaptura, ili mguu wote uonekane, na uniruhusu nikutazame ukitembea. Andika kwenye karatasi ulikimbia kilomita ngapi kila wiki katika wiki sita zilizopita. Usimeze diclofenac asubuhi hiyo, maana utanificha ninachotafuta. Na usiimeze kabla ya kukimbia siku yoyote, kwani pamoja na upungufu wa maji huumiza figo, na kwa mwenye ufa huzima king'ora ilhali moto ungali unawaka.

Mwaka jana yule msichana alirudi, sasa mwanamke anayefanya kazi yake na kutembea bila kuchechemea. Hakuja kwa ajili yake. Alikuwa amemleta mdogo wake wa kiume, ambaye naye alikuwa akijiandaa kuwa kurutu na ugoko ulikuwa unamuuma. Kijana alipokaa, nikainama kumshika mguu, dada yake akaniwahi.

"Daktari, anza na nyonga."

Nikaanza na nyonga. Ilikuwa nzima pande zote mbili. Kisha nikapitisha kidole gumba kwenye ugoko, na maumivu yakawa marefu kama mstari, hapakuwa na sehemu moja iliyomshtua. Nikamwambia apunguze umbali kwa nusu kwa wiki tatu, akimbie kwenye udongo badala ya lami, na arudi kabla ya hapo iwapo maumivu yatakusanyika mahali pamoja. Dada yake aliandika yote kwenye simu.